Mbuzi wa Papa Kabwe Hawakufa

Ukifika kando ya kijito ukakuta maji ni safi mno, safi hadi unaona kila jiwe la chini, usiingize ng'ombe. Simama kwanza. Jiulize ni nani ameyasafisha, na kwa nini. Maji ya Mungu hayawi safi hivyo. Yana viluwiluwi, yana majani yanayooza, yana ule ukijani unaoteleza juu ya mawe, yana wale wadudu wanaotembea juu ya maji kama wanakwenda sokoni. Pande zetu hizi za Lubumbashi, ambako kila mtu anachimba kitu, maji yasiyo na chura yanaficha jambo.

Akili hiyo si yangu. Nilipewa na Papa Kabwe, mchungaji mzee aliyenifundisha kazi, na habari za Papa Kabwe nitawasimulia hapa ninyi vijana mnaoanza kazi ya mifugo, maana nataka mzisikie kwangu kabla hamjazisikia kwa wengine. Watu wa upande wetu wana midomo.

Mimi ni Papa Kisimba. Maisha yangu yote ya kazi nimechunga ng'ombe wa watu, kwanza mchungaji wa kawaida, baadaye kapita, yaani mkubwa wa wachungaji, kwenye ferme moja, shamba la mifugo, huko commune Annexe, pale nyumba zinapoishia na mashamba yanapoanza. Siku hizi sijui tena kipi kinaishia wapi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli na alitaka nami niwe mtu wa reli. Nilipochagua ng'ombe akasema, "Ngombe haina pension." Alikufa bado ananishuku. Alisema kweli, mzee yule.

Watu wanadhani kuchunga ni majani. Majani ng'ombe atayatafuta mwenyewe. Kazi ni maji. Ng'ombe mwenye kiu hana adabu, na kundi likishasikia harufu ya mto halimjui kapita wala patron, mwenye mali. Wale wakubwa wanaingia kwanza, wanasimama katikati, wanakunywa huku wanakojoa humo humo, na ndama wanaofika nyuma wanapata supu. Ukingo unabomoka chini ya kwato. Kila mwaka kijito kinapanuka na kina chake kinapungua, na siku moja unakuta mahali palipokuwa na maji pana tope linalomshika ng'ombe miguu yote minne, ukaitwa na kamba na mbao na matusi kumtoa.

Papa Kabwe alinifundisha kuteremsha ng'ombe kwenye njia moja tu. Mchague mahali ambapo kijito kimenyooka na chini ni kugumu, msichague kwenye kona, kwa sababu kona inakula ukingo wake hata bila ng'ombe. Chongeni mteremko mpole, mwageni mawe makubwa, juu yake changarawe. Pande mbili simamisheni nguzo, na mbele, ndani ya maji, wekeni mti wa kuzuia kifua, ili mnyama afikishe mdomo lakini asiende kutembea. Na mfungulieni ndama pamoja na mama zao kwanza. Fahali atasubiri. Atalalamika, lakini atasubiri.

Kuhusu mabwawa nina machache ya kusema, na yote ni ya kushuku. Bwawa likiwa na rangi ya kijani wakati wa joto la Oktoba, kama mtu amemwaga rangi ya ukutani, lifunge. Dambo, bonde lenye maji ya kusimama na konokono, lifunge, hata kama majani yake yanapendeza, maana wale konokono wanabeba minyoo ya ini. Mvua ya kwanza ikinyesha, usikimbie kufurahi. Ile mvua inaosha barabara zote na vilima vyote vya uchafu wa watu, na inapeleka wapi? Ngoja mto upite na aibu yake kwanza.

Kuna mwaka patron alijenga hori la kunyweshea la saruji, zuri, refu, akalipaka rangi ya buluu, akaleta marafiki zake kutoka mjini kuliangalia. Ng'ombe walikuja, wakanusa, wakarudi nyuma. Hakuna aliyekunywa. Patron akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyewaambia. Papa Kabwe akacheka hadi akakohoa tumbako yake ya kunusa. Saruji mpya ina uchungu, na ng'ombe si mgeni wa harusi, hawezi kunywa kwa heshima tu. Tulilijaza na kulimwaga, tukalijaza tena na kulimwaga, tukalisugua kwa tope la mtoni na mavi ya ng'ombe hadi ile buluu yote ikapotea. Ndipo wakanywa. Marafiki wa patron hawakurudi.

Hori hilo ndilo nataka mlikumbuke, kwa sababu maneno yote yalianzia hapo.

Zamani tulikuwa tunanywesha kwenye Kamatete, kijito kinachokatisha ferme. Papa Kabwe alikuwa ameufanya ule mteremko wa mawe kwa mikono yake kabla mimi sijafika. Juu kidogo ya mteremko, kwenye kona yenye matete, akina mama wa nyumba za jirani walikuwa na mahali pao pa kuloweka mihogo. Ninyi mliokulia kwenye bukari, ule ugali wa mahindi tupu, labda hamjui. Sisi ambao wazazi wetu walitoka kaskazini, bukari bila unga wa muhogo haijakaa sawa tumboni. Na muhogo ule mchungu lazima ulale ndani ya maji siku kadhaa, uchachuke, ulainike, ndipo uanikwe na kusagwa. Walikuwa wanautia kwenye magunia, wanafunga, wanakandamiza kwa mawe, na kijito kinapita juu yake mchana na usiku. Ng'ombe wetu walikunywa chini yake miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyepiga chafya.

Halafu mtaa mpya ukaota chini yetu. Watu wakaanza kuchota maji ya Kamatete, watoto wakaanza kuharisha, na chef wa quartier, mkuu wa mtaa, akaja na wageni wenye buti kusema kwamba ng'ombe wanachafua mto. Walikuwa na haki. Walimshauri patron aweke senyenge kando ya kijito, mnyama asiingie, na anyweshe kwenye hori. Patron alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa kanisa, mwenye haraka. Yeye hakufunga tu mteremko wetu. Alifunga ukingo wote ulio ndani ya shamba lake, pamoja na ile kona ya matete. Kisha akavuta bomba kutoka étang, bwawa dogo la zamani lililokuwa juu ya kilima, linalolishwa na chemchemi, hadi kwenye hori. Hakuna aliyewauliza akina mama. Hata mimi sikuwaza juu yao. Kazi yangu ilikuwa ng'ombe.

Papa Kabwe ndiye peke yake aliyekataa bomba.

"Maji yenye hauone kwenye inatoka, usinywishe," aliniambia. "Tuyau iko na midomo mbili. Moya unaiona. Ile ingine, nani anailinda?"

Nilimwambia étang iko pale pale juu, anaweza kupanda kuiona. Akanusa tumbako yake, akatazama upande mwingine. Alikuwa mjane, na patron alimwachia nyumba ndogo mwisho wa shamba kwa ajili ya utumishi wake, naye alikuwa na mbuzi wachache wake mwenyewe. Mbuzi hao hakuwaleta kwenye hori hata siku moja. Kila asubuhi aliwapeleka mbali, hadi pale senyenge inapoishia, wanywe Kamatete kwenye kivuko cha zamani. Sisi tukamwacha. Mzee ana kichwa chake.

Masika yote yalikwenda vizuri. Chemchemi ilikuwa inabubujika, étang inafurika, bomba linaleta maji ya baridi. Patron alipendezwa. Kisha ukaja mwisho wa kiangazi, ile Septemba ya vumbi ambapo hata anga ina rangi ya tofali, na asubuhi moja ndama akanywa, akatembea hatua chache, akaanza kuhema kama aliyekimbizwa, akaanguka akipiga miguu. Alikufa mikononi mwangu. Hakuwa na jeraha wala tumbo kuvimba. Baadaye wakafa mbuzi wa patron, kwa namna ile ile, nao asubuhi, wale wa kwanza kunywa. Wengine walilewa tu wakasimama tena.

Nilianza kushuku. Niliyashuku magari makubwa yanayopita barabarani yakidondosha unga wa mawe. Nilimshuku jirani mwenye ukuta mrefu aliyekuwa akilitaka shamba. Nilimshuku Delphin, sentinelle wetu, mlinzi wa usiku, kwa sababu alikuwa amenunua viatu vipya. Nilipanda hadi étang nikaangalia. Nikawaona viluwiluwi upande ule chemchemi inapoingilia, maji yamepungua, yana rangi ya chai, matete yamelala juu ya maji upande wa bomba. Nikavuta pumzi, nikanusa. Sikuona ubaya. Nikashuka nimemshuku jirani zaidi.

Wenzangu walikuwa na mshukiwa wao. Alianza kutajwa kwa chini chini kwenye kraal, zizini, kisha kwenye pampu ya mtaani, kisha kwenye kile chumba cha maombi ambako mchungaji wa roho alisema ameonyeshwa mzee mwenye wivu. Patron akaniita.

"Papa Kisimba, unieleze. Banyama yangu inakunywa, inakufa. Ya muzee inakunywa, inanona. C'est normal?"

"Patron, yake inakunywa kule chini, ku kivuko ya zamani."

"Njo ile minauliza! Juu ya nini kule chini? Alijua nini yenye shiye hatujue?"

Vijana, swali la namna hiyo ni baya sana, kwa sababu linaingia kichwani na kukaa. Nilimjua Papa Kabwe tangu sina ndevu, alinifundisha kila ninachokijua, na bado nilipokutana naye jioni ile njiani na mbuzi wake wanang'aa mgongo, nilijikuta naangalia mikono yake. Aliniona. Akaniamkia, nikamwamkia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Watoto walikatazwa kumpa mkono. Mtu alitupa mawe juu ya bati lake. Vijana wa mtaa mpya, ambao hawakuwa na ng'ombe wala mbuzi, ndio waliokuwa na hasira kuliko sisi wote, na nilisikia wanazungumza juu ya tairi. Ninyi mnajua tairi maana yake nini kwa mtu aliyeitwa mulozi. Sitaieleza. Papa Kabwe hakufunga mlango na hakukimbia. Aliendelea kuamka asubuhi na kupeleka mbuzi wake kule kule, na kila siku ile safari ilizidi kumharibia jina.

Nikamwambia, "Papa, leta basi hata moya mu hori, ikunywe mbele ya bantu."

"Nimupe mbuzi yangu maji yenye minashuku, juu bantu banishuku kidogo?" akasema. "Hapana, mutoto."

Kisha akafa mtamba, yule mwekundu ambaye patron alikuwa anampenda, mwenye mimba ya kwanza. Patron akaita kila mtu kwenye kraal asubuhi hiyo hiyo: wachungaji, jirani, chef wa quartier, akina mama. Vijana wa mtaa mpya walikuja bila kuitwa. Papa Kabwe alisimamishwa mbele, kofia mkononi. Chef wa quartier akasema kwamba kwa usalama wa wote, pamoja na usalama wake mwenyewe, mzee aondoke kabla ya Jumapili. Nyumba ingevunjwa. Hakuna aliyesema neno ulozi, na wote walilisikia.

Bahati yetu ni kwamba patron alikuwa ameita pia daktari wa mifugo. Docteur Chanda alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mabuti na maneno machache, aliyekulia kwao kwenye bukari ya mahindi tupu. Alifika katikati ya ule mkutano, akauliza mnyama yuko wapi, akampasua pale pale mbele ya watu huku chef bado anazungumza.

"Kuya uone," akaniita.

Damu ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kung'aa, kama nyanya mbivu. Mimi nimechinja wengi, na damu ya mfu haikai hivyo.

"Ilikunywa wapi?"

Nikampeleka kwenye hori. Watu wote wakatufuata, maana Lubumbashi hakuna kinachotazamwa na mtu mmoja. Docteur akainama juu ya mdomo wa bomba, akarudisha kichwa nyuma.

"Ni harufu gani hii?"

"Harufu gani, docteur? Mi sisikie kitu."

"Papa, hausikie? Inanuka! Kitu inaoza humu, inachachuka."

Nikainama nikavuta pumzi hadi kifua kikauma. Kweli hakukuwa na kitu. Kulikuwa na hewa ya kawaida tu, ile ninayoamka nayo na kulala nayo. Nikawatazama wenzangu, nao wakanusa, nao wakatikisa vichwa. Papa Kabwe hatukumhesabu, pua yake tumbako ilishaiua zamani. Docteur akatutazama kana kwamba sote tunamficha kitu. Akapanda kwenda étang, na sisi nyuma yake.

Upande wa bomba, chini ya yale matete yaliyolala, alinionyesha kwa kidole. Nilichukua mti wenye ndoano, nikaingiza, nikavuta. Kilikuja kizito. Likatoka gunia linalochuruzika maji ya maziwa, na ile harufu ikapanda pamoja nalo, na ghafla pua yangu ikaamka. Ilikuwepo wakati wote. Ilikuwa harufu ya uani kwangu, ya jikoni, ya utoto wangu, ya mama yangu akianika mihogo juu ya bati. Nilikuwa nimepanda pale kushuku dunia nzima, na ile harufu ikanipita kama hewa.

Nikatoa gunia la pili, na la tatu. Yalipangwa vizuri, moja kando ya lingine, yamekandamizwa kwa mawe, yamefunikwa matete ili Delphin asiyaone. Mdomo wa lile la mwisho ulifungwa kwa kipande cha pagne, kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Pagne ile nilimnunulia mimi. Nikabaki nimelishika gunia, sijui nililaze au nilirudishe majini.

"Ile kamba iko ya kitambala yangu," sauti ikasema nyuma yangu. "Mihogo iko yangu."

Alikuwa Mama Kisimba, mke wangu. Alijitokeza katikati ya watu, mikono kiunoni.

"Na ile ingine iko ya bale banajificha mugongo yangu. Beye benyewe batasema."

Patron akamwangalia, akaniangalia mimi. "Mama, juu ya nini mu étang yangu?"

"Ulifunga mutoni, patron. Ba mama yetu balilobekaka mihogo pale mbele ya ferme yako kuwa ferme. Hakuna mwenye alituuliza. Tungelobeka wapi, mu lavabo ya kunawia mikono?"

"Na bwana yako? Kapita wa maji yangu yote? Hakujua?"

"Ye? Anakulaka bukari kila siku. Haulizaka inatoka wapi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikuwa na mahali pa kuweka uso. Lakini ninawaambia, siku hiyo nilimpenda mwanamke yule kuliko siku ya ndoa. Vijana wale walikuwa bado wamesimama pale na hasira yao, wangeweza kumgeukia yeye. Angekaa kimya, mzee angeondoka, na hakuna ambaye angejua.

Docteur akatueleza polepole. Muhogo mchungu una sumu, ile inayoiacha damu nyekundu vile, na kuloweka ndiko kunakoitoa. Inatoka kwenye muhogo inaingia kwenye maji. Kijito kinapita kinaichukua, kinaitawanya, haina nguvu. Étang ya masika inafurika, nayo inaitawanya. Lakini étang ya Septemba imesimama, chemchemi inadondosha tu, magunia ni mengi, na usiku kucha ile sumu inalala kwenye mdomo wa bomba ikimsubiri wa kwanza kunywa.

Kwa hiyo shikeni hili, ninyi wenye pampu za jua na matangi ya plastiki. Kabla hamjafunga maji kwa ajili ya mnyama, ulizeni nani mwingine anayatumia, na kwa kazi gani, na mkimfungia hapa atakwenda wapi. Maana atakwenda. Mtu mwenye familia haachi kula kwa sababu ninyi mmeweka senyenge. Patron alielewa. Alirudisha ile kona ya matete kwa akina mama, akawaachia njia, na sisi tukazungushia étang uzio wake, tukauzika mdomo wa bomba ndani ya changarawe, na nikawa naukagua mwenyewe kila asubuhi. Hakufa tena mnyama kwa namna ile.

Patron alimwomba Papa Kabwe msamaha mbele ya watu, na chef wa quartier akamshika mkono. Mimi nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimesahau watu ni akina nani.

Wiki haikupita nikasikia kwenye pampu, "Sawa, iko mihogo. Lakini nani alibatiaka ba mama akili ya kuiweka mule?" Na mwingine akajibu, "Na juu ya nini ye mwenyewe hakukunywishaka pale?" Nikagombana nao. Nikawaeleza habari ya bomba na midomo miwili, nikawaeleza habari ya docteur na damu. Walinisikiliza vizuri, wakaitika, na nilipogeuka wakaendelea. Watoto hawakurudi kumpa mkono. Kumwondolea mtu kosa ni kazi ya asubuhi moja. Kuwaondolea watu shaka, mimi hadi leo sijaona chombo chake.

Papa Kabwe hakulalamika. Aliwauza mbuzi wake kwa mchinjaji wa mjini, kwa sababu hakuna wa jirani aliyewataka hata bure, na akatuambia anakwenda Sakania kwa binti yake aliyeolewa huko. Tulimsindikiza, mimi na mke wangu, hadi pale kamyo, yale malori ya wachuuzi wa Sakania, yanapopakia. Tuliketi naye juu ya ubao tukisubiri. Mke wangu akaenda dukani akarudi na chupa ya maji, mpya, haijafunguliwa, akampa ya njiani.

Akaipokea kwa mikono miwili. "Aksanti, mama," akasema. Akamuuliza hali ya watoto, mmoja mmoja kwa jina, akanishika bega, akapanda juu ya mizigo pamoja na wengine.

Kamyo ilipoondoka mke wangu akainama kuchukua kikapu chake, akaiona chupa. Ilikuwa imesimama juu ya ubao, pale mzee alipokuwa ameketi, imefungwa vile vile.

"Amesahau," akasema.

Kamyo ilikuwa bado inaonekana, inapunguza mwendo kwenye mashimo. Nikaifungua ile chupa, nikainywa yote nimesimama katikati ya barabara, nikitazama upande ule, ili kama atageuka anione.